Aliyetazama Mataya ya Watoto

Watu wa Nyasho walimfahamu kwa jambo moja: alikuwa akitazama mataya ya watoto wao. Mtoto akipita ametumwa mkaa au chumvi, mzee yule alisimama, akainama kidogo, akamtazama shavu la kushoto, la kulia, kisha chini ya masikio, halafu akaendelea na safari yake bila kusema neno. Wachache aliwaomba wafungue mdomo. Siku moja sokoni mama mmoja muuza dagaa alimpiga kofi mkononi.

"We mzee, unatafuta nini kwenye mdomo wa mwanangu?"

"Natafuta kitu ambacho sitaki kukiona, mama."

Jibu hilo lilimponza. Ikasemwa kwamba anachagua watoto, kwamba ana mambo yake, na mwenyekiti wa mtaa akamwita ajieleze mbele ya wazee. Alikwenda na shati lililopigwa pasi, akakaa kwenye benchi, akawaeleza habari za virusi na kinga ya mwili kwa muda mrefu mno, mpaka mwenyekiti mwenyewe akaomba kikao kifungwe watu wakale. Kesho yake alikuwa njiani tena, akiinama.

Mimi nilimjua kwa kazi. Alikuwa fundi wa maabara katika shule ya sekondari niliyopangiwa hapa Musoma kufundisha baiolojia, na kwa miaka kumi na moja tulitumia chumba kimoja chenye meza sita za zege na mabomba matatu, moja tu likitoa maji. Sote tulimwita Fundi. Kabla ya hapo alikuwa Mwanza, kwenye kituo cha utafiti, akitunza panya weupe ambao madaktari waliwatumia kuchunguza saratani inayoletwa na virusi. Kituo kilipoacha kufuga panya, yeye akaja kwetu kuosha vyombo vya vioo, kutafuta vyura wa mtihani na kufunga milango.

Alikuwa mrefu, na alipinda mgongo kama mtu aliyezoea vyumba vyenye dari fupi. Kucha zake zilikuwa safi kuliko za walimu wote. Mwanafunzi akiingia maabara anatafuna kitu, Fundi hakugomba; alimkabidhi sabuni na kumwonyesha mlango. Akishika chombo cha kioo hakuongea, na ukimuuliza jambo wakati huo ungesubiri mpaka akiweke mezani. Nilikuja kukupenda kule kusubiri. Kwenye chumba cha walimu kila mtu alijibu kabla hujamaliza kuuliza.

Nakumbuka kipindi kimoja cha kidato cha kwanza, mada ya kinga ya mwili. Nilikuwa nimewafundisha kwamba chembechembe nyeupe za damu ni askari, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa na mimi, na wanafunzi wakachora askari wenye kofia na bunduki. Fundi alikuwa nyuma ya darasa akipanga mirija ya vioo. Akaja, akatazama daftari la msichana mmoja.

"Hii bunduki umeitoa wapi?"

"Kwa Madam."

"Mimi nimepasua panya wengi sana, sijakutaga bunduki hata siku moja."

Darasa likacheka, na mimi nikacheka. Akanigeukia. "Mwalimu, naomba dakika tano niwaambie nilichoona."

Alichukua kipindi kizima.

"Tulikuwa na panya wa namna mbili," akasema. "Wa kwanza wazima. Wa pili, wakizaliwa tu daktari anawatoa katezi kadogo kako hapa." Akajigusa kifuani. "Ndiko zile chembechembe za kinga zinakofundwa kazi. Wote tunawachoma virusi vile vile, kwenye paja. Wote wanapata uvimbe. Mimi ndo nilikuwaga nawapima kila asubuhi, naandika. Sasa wale wasiokuwa na tezi, uvimbe unakua, unakua, mpaka panya anashindwa kutembea, anakufa. Ila wale wazima..."

Mtoto mmoja wa dawati la mbele akamhimiza, "Wale wazima wanafanyaje, Fundi?"

"Kwao unakua mpaka unakuwa kama punje ya kunde. Halafu asubuhi moja unapima, unakuta umepungua. Kesho yake umepungua tena. Baada ya siku chache paja limenyooka, panya anakimbia kama hakijamtokea kitu. Hakuna dawa aliyopewa. Mwili wenyewe umeona, umekataa."

Wanafunzi walipiga makofi. Ilikuwa habari njema, na katika miaka yangu ya ualimu sijasikia mtu akiieleza vizuri zaidi. Lakini yeye alikuwa ameisimulia kwa sauti ya mtu anayeleta taarifa ya msiba. Alirudi kwenye mirija yake na mmoja ukamponyoka ukavunjika. Nilidhani ni uzee wa mikono.

Nyumbani kwake, chumba na sebule karibu na barabara ya kwenda mjini, alitega panya bila huruma. Alikuwa na mitego minne na aliikagua kama mtu wa mifugo anavyokagua zizi. Lakini shuleni, mwaka ambao mtihani wa vitendo ulitaka panya badala ya chura, alikataa katakata. Mkuu wa shule akamwita. Nilikuwepo.

"Fundi, nasikia kwako unawaua kila siku. Hawa wa shule wana nini?"

"Yule wa nyumbani anakula mahindi yangu, mkuu. Yule wa kwenye kizimba hajanikosea kitu."

"Ni kazi tu."

"Najua ni kazi. Nimeifanya mpaka nikaimaliza. Tafuta mtu mwingine."

Nikawakamata mimi, nikawaandaa mimi, na siku ya mtihani yeye alikaa nje kwenye ngazi mpaka harufu ya dawa ilipokwisha.

Aliniambia mara moja, tukiwa tunasubiri mvua ipungue, kwamba kule kazini kitu alichokichukia ni kufungua mlango asubuhi. Panya wakisikia ufunguo walikuwa wakiamka wote, wanachakura maranda ya mbao waliyotandikiwa, wanajua chakula kimekuja. "Ukiwa umezoea, unajua kizimba gani hakijachakura. Hujaangalia bado, lakini umeshajua." Alisema hata sasa, akifungua mlango wowote wa nyumba yenye watu, masikio yake yanahesabu kwanza.

Alikuwa Mkatoliki wa kila Jumapili. Alipenda ibada ya kimya ya asubuhi, akakimbia mahali popote palipotolewa ushuhuda. Jirani yetu mmoja, mama mcheshi wa kutoka Suguti, alimwalika kwenye maombi ya nyumbani kwake. Mgeni mmoja akasimama akasema Mungu amemwondolea uvimbe wa shingoni, umeyeyuka wenyewe ndani ya wiki moja. Watu wakapaza sauti za shukrani. Fundi akainua mkono kama mwanafunzi.

"Ulikuwa na ukubwa gani?"

Yule mgeni akachanganyikiwa. "Ulikuwa mkubwa tu, mzee."

"Nani alipima? Alipima mara ngapi?"

"Fundi, jamani," mwenye nyumba akamsihi.

"Nauliza tu, mama. Kama hamna aliyepima, msiwaambie watu. Kuna mtu atasikia, ataenda nyumbani kungoja."

Akavaa kofia yake akatoka. Mama yule hakumsemesha kwa miezi mitatu. Kilichonishangaza ni kwamba mtu huyu huyu ndiye aliyewaambia watoto wetu, kwa macho yake mwenyewe, kwamba uvimbe huweza kuyeyuka.

Kuhusu familia yake nilijua machache. Mke wake alikuwa Bunda akilima pamba. Alikuja Nyasho mara mbili kwa mwaka, mwanamke mfupi mwenye hatua za haraka, akakaa siku tatu, akafua kila kitambaa kilichokuwa ndani ya nyumba ile, akaondoka. Sikuwahi kuwasikia wakigombana. Sikuwahi kuwasikia wakizungumza pia, isipokuwa habari za mvua na bei ya mbegu. Walikuwa na binti mmoja, aliyefariki akiwa na miaka sita. Majirani walisema ni homa. Fundi mwenyewe, nilipomuuliza, alisema, "Nilikuwaga na binti," akaishia hapo, na mimi nikaona aibu kuendelea.

Sasa niseme habari ya mwanangu, maana bila hiyo mtu huyu kwangu angebaki kuwa mzee mwenye vituko.

Alikuwa msichana wa miaka mitano. Ilianza na jino la nyuma kulegea, upande wa kushoto, kisha shavu likavimba. Mama mkwe wangu, aliyekuwa amekuja kutoka Bugwema kututembelea, alisema ni jino, akasaga karafuu. Zahanati nao walisema ni jino, wakatupa vidonge. Mimi mwalimu wa baiolojia nilisema ni jino. Siku ya tisa Fundi alikuja nyumbani kuniletea funguo za maabara. Mwanangu alikuwa ukumbini akichezea vifuniko vya chupa. Fundi akasimama mlangoni. Akapiga goti moja chini.

"Njoo, mama. Nionyeshe meno."

Mtoto akafungua mdomo. Akaingiza kidole kimoja, akagusa meno moja moja. Matatu yalicheza.

"Toka lini?"

"Leo siku ya tisa," nikasema.

"Jana lilikuwa hivi?"

Nikafikiri. "Jana lilikuwa dogo kidogo."

"Twendeni Mwanza. Sasa hivi."

Mume wangu alitoka chumbani. Alikuwa mtu wa heshima, lakini maneno ya mtaani alikuwa ameyasikia. "Fundi, shikamoo. Huyu ameshaonwa na wataalamu. Wewe ulikuwa unatunza panya."

"Ndiyo, baba. Nilikuwa natunza panya."

"Basi tusubiri vidonge viishe."

"Msisubiri."

"Tutasubiri siku mbili tu."

Fundi akakaa chini kwenye kizingiti cha mlango wetu, mgongo kwa fremu, miguu imeziba njia. Alikuwa mtu mpole kiasi kwamba hatukujua la kufanya. "Nitakaa hapa," alisema. "Mkitaka kuniitia polisi, iteni. Ila kuna gari saa kumi." Mama mkwe wangu, ambaye asubuhi alikuwa amesaga karafuu, ndiye aliyeanza kufunga nguo za mtoto kwenye kanga. Tulipanda gari la saa kumi.

Hospitali walikata kipande kidogo, wakapima. Daktari, msichana mdogo kuliko mimi, alituambia ni saratani inayowapata watoto wa ukanda huu wa ziwa. Alisema kirusi chake karibu kila mtoto anacho na mwili hukizuia kimya kimya maisha yote. Ila kwa wachache, hasa waliougua malaria mara nyingi, kinga huchoka, na chembe zenye kirusi zikapata mwanya. Uvimbe wake, akasema, unaweza kuongezeka maradufu kwa siku mbili. "Mmewahi," alisema. "Dawa zipo."

Dawa zikaanza. Nywele zikanyonyoka, akatapika, akalia kwamba maji yana ladha ya chuma. Lakini shavu lilianza kushuka siku ya tatu. Siku ya sita ulikuwa huwezi kujua ni upande upi ulioumwa. Mume wangu alipiga magoti wodini. Nikamtafuta Fundi, aliyekuwa akilala kwenye kibaraza cha ndugu wa wagonjwa siku zote hizo. Nikamvuta mkono.

"Njoo uone, Fundi. Unayeyuka!"

Alifika hadi miguuni mwa kitanda, akatazama shavu la mwanangu. Akatoka. Nilidhani ameenda kulia kwa furaha, nikamwachia nafasi. Tulipokwenda kumpelekea chai tuliambiwa amepanda gari la kurudi Musoma. Hakuaga. Hakumpa mtoto mkono. Na tuliporudi nyumbani baada ya miezi ya matibabu, alinisalimia maabara kama kawaida, akauliza kuhusu afya ya mtoto, na tangu siku hiyo hakuingia tena nyumbani kwetu. Mwanangu akipita barabarani, Fundi alivuka upande wa pili. Watoto wote wa Nyasho aliwatazama mataya, isipokuwa yule mmoja.

Liliniuma. Nakiri kwamba shukrani yangu ilichanganyika na kinyongo, na mkataba wake shuleni ulipoisha nilichangia zawadi, nikatoa hotuba fupi, na sikumfuata. Alihamia Butiama kwa mdogo wake, mfugaji. Tulipigiana simu Krismasi.

Mwaka jana nilisikia macho yake yamekwisha. Mwanangu sasa ana miaka kumi na nne, yuko kidato cha pili, mwenye mdomo usioogopa mtu. Aliposikia nataka kwenda Butiama akasema, "Na mimi naenda. Nina swali langu."

Tulimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya ukuta wa nyumba, jua la saa nne likimpiga magotini. Macho yalikuwa na ukungu. Na aliyetupokea, akatupangusia benchi, alikuwa mke wake. Alikuwa ameacha pamba Bunda na kuja kukaa naye, baada ya miaka yote ile ya nyumba mbili. Alituletea uji, akarudi mlangoni kuchambua maharage kwenye ungo.

"Fundi, ni mimi, Mwalimu. Nimekuja na mwanangu."

Akanyoosha mkono kwangu. Kwa mtoto hakuunyoosha. Mwanangu hakungoja.

"Shikamoo, babu. Kwa nini uliondoka hospitali bila kuniaga?"

Nikamfinya. Fundi akainua kiganja kunizuia.

"Marahaba. Ana haki, Mwalimu, mwache." Akamgeukia mtoto. "Ulikuwa unapona, mjukuu wangu. Nilikuwa nangoja kuona hicho kitu kwa mtoto, shavu linashuka, kwa miaka mingi. Nilipokiona, nilishindwa kusimama hapo. Nilikuwa sina furaha. Mtoto wa watu anapona, mimi roho inaniuma. Nikaona nisikae karibu na wewe na roho ya namna hiyo."

Kisha akatusimulia, mbele ya mke wake, jambo ambalo majirani waliliita homa.

Binti yake alivimba taya akiwa na miaka sita. Fundi alikuwa amekuja Bunda likizo kutoka Mwanza. Mke wake alitaka wampeleke hospitali siku ya kwanza. Yeye akakataa. Alikuwa ametoka kuona panya wazima, kizimba baada ya kizimba, uvimbe ukija na kuondoka, na binti yake alikuwa mzima, mnene, hajawahi kulazwa. Hospitali aliiogopa; alijua visu vyake. Kwenye begi alikuwa na kipimo cha chuma cha kubania uvimbe, alichosahau kukirudisha kazini. Akaanza kumpima mtoto kila asubuhi na kuandika.

"Nilimwambia huyu mama, mwili utaona, utakataa. Nilimwambia mimi ndo najua, yeye anajua pamba. Siku ishirini na moja. Tulipofika Mwanza jicho lilikuwa limeshafunikwa. Walisema tungekuja mapema wangejaribu."

Mwanangu alikuwa ameacha kunywa uji. Alisogeza benchi karibu, akaushika mkono wa mzee, akauweka kwenye taya lake mwenyewe, upande wa kushoto. Fundi hakuutoa. Vidole vilipita polepole kwenye mfupa, kutoka sikioni hadi kidevuni, na kurudi.

"Hamna kitu," alisema.

"Hamna, babu."

"Nilikuwa sijui," nikasema mimi. "Na wewe ulikuwa hujui, Fundi. Ulifuata ulichokiona."

"Hapana, Mwalimu. Usinisaidie." Akaondoa mkono kwenye shavu la mwanangu, akaugeuza uso wake upande wa mlangoni, ambako maharage yalikuwa yakigonga ungo. "Kuna siku ya kumi na mbili. Siku hiyo kipimo kilishuka. Mke wangu anakumbuka. Nilimwita, nikamwonyesha namba, nikacheka, tukachinja kuku. Baada ya hapo aliacha kuniambia habari za hospitali." Sauti yake ilishuka. "Uvimbe haukupungua. Nilikaza mkono. Nilibana mpaka namba ikafika ninapotaka. Sijawahi kumwambia mtu."

Maharage yakanyamaza.

Nilimtazama mwanamke yule. Alikuwa ameweka ungo chini na kufuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja.

"Najua," alisema. "Siku zote ulivyokuwa unampima hakuliaga. Siku hiyo alilia."

Fundi alishika mikono ya kiti. "Ulijua? Ukachinja kuku?"

"Nilichinja."

"Kwa nini hukusema?"

Alikuwa akimtazama mume wake, ambaye hakuweza kumwona.

"Ulikuwa unacheka," akasema. "Toka umekuja likizo ulikuwa hujacheka."